Dobi Hafui Nguo Safi

Mwezi wa tatu tangu watu waambiwe wajifungie ndani, Mama Simu alianza kuchafua nguo zake kwa makusudi. Ungemwona asubuhi ile, mwanamke wa miaka sitini na minane, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, ameinamia chungu cha maua akichota udongo kwa kidole na kuupaka kwenye kola ya blauzi yake nzuri, ungesema akili zimemruka. Akili zilikuwa mahali pake. Alikuwa na haja na dobi, na dobi wa mtaa ule hafui nguo safi.

Jina la Mama Simu lilitokana na kazi. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya ubao wa simu wa ofisi kubwa ya bima, akiunganisha watu na watu. "Subiri nikuunganishe" ni maneno aliyoyatamka mara nyingi kuliko jina la mwanawe. Mji mzima ulimjua kwa sauti, kwa sura hakuna. Aliwahi kupanga foleni benki nyuma ya bwana mmoja aliyemtongoza kwa simu miaka miwili mizima, na yule bwana akamkanyaga mguu wala asiombe radhi. Alipostaafu, ubao uling'olewa, ikawekwa mashine inayojibu yenyewe. Siku moja alipiga ili aisikie. Ilimwambia asubiri, akakata.

Mumewe alikuwa fundi wa mizani, mtu wa kuzunguka duka hadi duka akirekebisha mizani za wauza nafaka na wauza nyama. Alifariki miaka minne kabla ya ugonjwa kuingia. Mtoto walijaliwa mmoja, wa kiume, naye alikuwa na kazi na familia yake katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Simu akabaki na vyumba viwili vya ghorofa ya pili, jiko, na roshani inayotazama mtaani.

Ng'ambo ya njia, mkabala na roshani hiyo, ndipo dobi alipokuwa na chumba chake cha kazi. Meza pana iliyovikwa mablanketi ya zamani, pasi ya umeme, pasi ya mkaa kwa siku umeme unapogoma, waya wa kutundikia mashati, na uani mapipa mawili ya maji. Alikuwa mwembamba, umri umepita hamsini, mdomo haufungwi, na kazi yake aliiheshimu kuliko wengi wanavyoheshimu ndoa zao. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, aliyoichora ndani ya kola kwa wino usiofutika, ili nguo zisichanganyike. Nyumba ya Mama Simu ilikuwa mstari mmoja mfupi. Nguo za mumewe zilikuwa na mstari huohuo na nukta pembeni.

Ugonjwa ulipokuja, mwanawe alipiga simu na orodha ya makatazo. Asishuke ngazi, asipokee wageni, asinunue kitu kwa wachuuzi wa mtaani. Chakula kitaletwa na duka kubwa la katikati ya mji, kitawekwa mlangoni, aliyekileta aondoke ndipo yeye afungue. Mama Simu alitaka kubisha, lakini alikuwa na pumu tangu utotoni, na daktari wake alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno, "Kwa kifua hiki, mama, ukiupata, sina la kukuahidi." Basi akatii. Muuza mboga wa pale chini akaona nyanya za duka kubwa zikipandishwa kwake, akamtazama roshanini, akageuza uso. Mama Simu aliona aibu siku nzima.

Kitu kimoja tu hakukiacha. Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, dobi alisimama katikati ya njia, barakoa usoni, akaita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Mama Simu! Laini iko wazi?"

"Iko wazi. Sema shida yako."

"Nataka kuzungumza na nguo chafu."

"Subiri nikuunganishe," na kikapu kinashuka kwa kamba, kikiwa na nguo na pesa ndani yake.

Mzaha ulikuwa uleule kila mara, na wote wawili waliucheka upya. Nguo zikirudi, alizianika juani roshanini siku nzima kabla ya kuzigusa, akanawa mikono hadi viwiko, akavuta dawa yake ya pumu kwa tahadhari tu. Alijua kuna hatari. Aliipima kila mara, na kila mara alijikuta anashusha kikapu. Ukitoa simu ya mwanawe ya saa saba mchana, sauti ya dobi ndiyo pekee iliyomtaja kwa jina wiki nzima.

Kisha nyumba ya mwanzo wa mtaa ikapata msiba. Ikasemekana mashuka ya marehemu yalipita kwa dobi. Dobi alikula kiapo kwamba mashuka hayo hata rangi yake haijui, lakini nani amsikilize? Wateja walikuja kuchukua nguo zao wakizishika kwa ncha za vidole, na hawakurudi tena. Waya wa mashati ukabaki mtupu. Alhamisi moja alisimama chini ya roshani bila mzaha.

"Mama Simu, nakwambia wewe kwanza. Mambo yakiwa hivi hadi mwisho wa mwezi, nafungasha virago, nakwenda zangu nyumbani kwa mke na watoto."

"Utarudi lini?"

"Mwenye nyumba ana watu watatu wanaokitaka chumba. Nikishatoka, nimetoka."

Mama Simu aliingia ndani akakaa kitandani. Alikuwa amezoea kufiwa, si kwamba hakujua kukaa peke yake. Ila mumewe alipokufa, angalau watu walikuja. Safari hii dobi angeondoka na mtaa ungeendelea kunyamaza, na yeye angekaa mle ndani hadi lini hajui, akisubiri saa saba ifike. Aliogopa, na hakuwa na haya ya kujiambia kwamba anaogopa. Kumwambia mtu mzima, tena mwanamume wa watu, "Tafadhali baki uwe unaniita mara mbili kwa wiki," hilo hakuliweza. Nguo aliziweza.

Jumatatu akashusha kikapu kimejaa. Alhamisi akakishusha kimejaa zaidi. Alianza na mashuka, akaja na mapazia, vitambaa vya meza, na taulo ambazo hazijaona maji tangu zinunuliwe. Vilipokwisha, akatoa kabatini magauni ya kutokea, akayafinyanga kwa mikono, akayakalia wakati wa taarifa ya habari, akayashusha.

Dobi alipokea gauni la kwanza, akageuza kola, akanusa kwapa, akainua uso.

"Mama, hili hukulivaa."

"Nimelivaa."

"Umelivalia wapi, jikoni? Hakuna jasho, hakuna poda shingoni, hakuna vumbi kwenye pindo. Mimi kazi hii naifanya tangu sijaota ndevu. Chukua nguo zako, na pesa yako ni hii hapa."

"Si unipigie pasi tu?"

"Nikipokea pesa ya nguo safi nitakuwa naomba, sifanyi kazi. Vuta kamba."

Alivuta. Ndipo ulipokuja ule udongo wa chungu cha maua, na dobi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Simu, hii blauzi ulikuwa unalima nayo? Uchafu wa kupaka na uchafu wa kuvaa mimi sivichanganyi. Hii pangusa kwa kitambaa kibichi, imekwisha."

Wakati huohuo mwanawe naye akaleta yake. Alikuwa amesikia mtaani kwa mama kuna dobi anayevumishwa kueneza ugonjwa, roho ikamruka, akanunua mashine ya kufulia na kuituma. Vijana wawili waliipandisha, wakaiacha mlangoni, Mama Simu akaisukuma kwa makalio hadi sebuleni. Hakuitoa kwenye boksi. Akalitandikia boksi kitambaa, akaweka redio juu yake. Mwanawe alipouliza kama inafua vizuri, alisema inafua ajabu. Alipotaka kuisikia, mama alisogeza simu kwenye feni, akaiwasha hadi mwisho.

"Mbona ina sauti kama feni?"

"Ndiyo inavyokausha."

Miaka thelathini na mmoja ya kudanganya watu kwamba bosi yuko mkutanoni haikwenda bure. Ila alipokata simu alijisikia vibaya. Kijana alikuwa anamtaka hai, kosa lake liko wapi?

Zikabaki siku tisa mwezi uishe. Mama Simu akapiga moyo konde. Kama dobi anataka jasho na vumbi, vyote viko nje, bure. Atavaa gauni la buluu, atazunguka sokoni mara moja, atarudi nalo limechafuka kihalali. Alivaa. Alipaka poda shingoni. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akashika ukuta akashuka ngazi ambazo miguu yake ilikuwa imezisahau. Alifika hadi mlango wa chini, akaufungua nusu. Mwanga ulimpiga machoni. Watu walikuwa wachache, lakini kwake walikuwa umati. Mmoja alipita karibu akakohoa kwenye kiganja, kikohozi cha kawaida tu pengine, na kifua cha Mama Simu kikafunga palepale. Aliketi kwenye ngazi ya kwanza akavuta dawa, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi pumzi ilipokubali kuingia. Alipoinua macho, dobi alikuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo, pasi mkononi, anamtazama. Alipanda ngazi kwa makalio, moja moja, kama mtoto mdogo.

Gauni lilikuwa na jasho sasa, hilo ni kweli. Gauni moja.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na nguo moja tu chafu iliyobaki. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, nyuma ya droo ya chini. Mumewe alivua shati Ijumaa jioni akirudi kazini, akalitupa kwenye tenga la nguo, na Jumamosi asubuhi hakuamka. Wanawake wa msiba walifua kila walichokikuta nyumbani, kwa nia njema kabisa. Shati lile Mama Simu alikuwa amelikalia. Miaka minne hakulifua. Alilifungua kwa nadra, siku zilizomshinda tu, maana alitambua kwamba kila akifungua, harufu inapungua. Lilinuka jasho la mtu aliyetembea juani, mafuta ya mizani, na peremende alizokuwa akizificha mfukoni asigombezwe kwa ajili ya sukari.

Jumatatu ya mwisho aliketi na mfuko ule mapajani tangu alfajiri. Alibishana na marehemu, kwa sauti. "Usinitazame hivyo," akamwambia. "Wewe umekwenda. Yule yupo." Akafungua mafundo, akaingiza uso wote ndani, akavuta pumzi kwa kifua chake kibovu hadi alipoanza kukohoa. Saa tatu ikagonga, na sauti ikaita kutoka chini. Akaweka shati kikapuni, gauni la buluu juu yake, akaachia kamba kabla mkono haujabadili mawazo.

Dobi alinyanyua shati, akaona kola ilivyokuwa ya kahawia kwa jasho, akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Sasa hii ndiyo nguo chafu! Mama Simu, hii imefanya kazi!"

"Si nilikwambia ninazo?"

"Alhamisi utaliona. Litakuwa jeupe kama karatasi."

Alihangaika nalo, hilo lazima lisemwe. Alilipitisha kwenye maji matatu, akasugua kola kwa brashi laini, akalianika, akalirudia. Mama Simu alimwona toka roshanini akifanya kazi huku akiimba, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akajikaza kisabuni, akajiambia kwamba amenunua mwezi mwingine, na kwamba bei yake ameshalipa.

Alhamisi dobi hakuita. Alikuja akasimama katikati ya njia, shati kwenye kitundikio, jeupe kweli kama alivyoahidi, akangoja mpaka Mama Simu mwenyewe akatokeza.

"Kuna nini? Laini imekatika?"

"Mama, shati hili lina nukta."

Mama Simu akashika chuma cha roshani.

"Kola ilinifurahisha, sikujiuliza shati la kiume limetoka wapi, sikutazama ndani," dobi akasema. "Nimeloweka, nimesugua, nimeanika. Leo nalipiga pasi, nageuza kola, naiona nukta. Hiyo nukta sijaiandika tangu mzee aondoke."

"Lilikuwa chafu, umelifua. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi ni dobi. Nguo iliyosahauliwa naijua, na nguo iliyowekwa naijua. Hili liliwekwa." Akatazama chini, akatazama juu tena. "Ungeniambia, nisingeligusa."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Sasa kwa nini, mama?"

Alikuwa na uongo wa kutosha, wa aina zote, na wote ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake yakatoka yaleyale aliyoyazuia mwezi mzima.

"Kwa sababu ukifunga, hakuna mtu wa kuniita."

Dobi alivuta barakoa akafuta macho nayo, akairudisha.

"Wiki tatu hizi sina mteja mwingine," akasema. "Mke wangu ananiita kila siku nirudi. Namwambia siwezi, kuna mama mmoja hapa hawezi kufua, nikimwacha atafuliwa na nani? Kumbe huna hata nguo ya kufua."

"Basi baki."

"Nikibaki utaniletea nini wiki ijayo? Hakuna kilichobaki. Utashuka zile ngazi tena. Nilikuona siku ile, mama, nilidhani unakatika pumzi mbele yangu na mimi nimeshika pasi. Ukifa kwa kunitafutia kazi, mimi nitaishi na hilo hadi lini?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Naondoka kesho. Ugonjwa huu ukiisha na nguo zako zikachafuka kweli, mahali pa kunitafuta nimekuandikia kwenye kikaratasi, kiko mfukoni mwa shati."

Mama Simu akashusha kikapu, dobi akakiweka kitundikio ndani, taratibu, pamoja na gauni la buluu lililokunjwa. Pesa akairudisha. Mama Simu akavuta kamba, na mara ile moja hakuanika kitu juani. Aliingiza uso kwenye kola palepale roshanini. Sabuni, wanga na joto la pasi. Akageuza mfuko, akatafuta peremende. Kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya simu, kwa maandishi ya mtu asiyezoea kalamu. Akalia mpaka miwani ikajaa ukungu, na chini dobi akasimama akingoja amalize, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kumsaidia.

Ijumaa alfajiri mlango wa ng'ambo ulikuwa na kufuli. Jumatatu saa tatu Mama Simu alitoka roshanini kwa mazoea, akasimama. Paka alikatiza njia. Muuza mboga alikuwa anamwagia maji mchicha wake, akainua macho, Mama Simu akampungia mkono, na yule baada ya kusita akajibu kwa kidevu. Ikawa ndiyo yote. Aliingia ndani akavaa shati la mumewe juu ya gauni la nyumbani, akakunja mikono mara tatu. Sasa lilikuwa shati tu, na asubuhi ilikuwa na baridi.

Saa saba simu ikalia.

"Mama, hujambo? Umekula?"

"Nimekula."

"Mashine inafua?"

"Iko kwenye boksi. Haijawahi kutoka. Ile ilikuwa feni."

Mwanawe akacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. "Mama, uko sawa kweli? Unahitaji nini? Sema tu, nakutumia leo hii."

Mama Simu alitoka na simu hadi roshanini. Miaka yote ile aliwaunganisha watu wengine, hakuwahi hata mara moja kuomba laini kwa ajili yake mwenyewe.

"Uko wapi sasa hivi?" akauliza.

"Uani kazini. Wenzangu wanakula."

"Niite."

"Nini?"

"Niite kwa sauti. Kama niko juu na wewe uko chini."

"Mama, watu watanionaje?"

"Watakuona unamwita mama yako."

Alisikia pumzi zake, akasikia sahani zikigongana huko mbali, na mtu akiuliza kitu. Alidhani kijana atabadili mazungumzo. Kisha sauti ikapasua simu, kubwa, imekwaruza, ya mtu mzima anayeona haya na asiyejali tena.

"Mama! Mama eeh!"

Akaiweka simu mbali na sikio, juu ya chuma cha roshani, ili isikike mtaani.

"Naam," akaitikia.